Lapi Inalia "Tik Tik"? Okoa Mafaili Kwanza, SSD Baadaye

Unawasha lapi, unaenda kupika chai, unarudi na bado kale kaduara kanazunguka. Alafu unaskia ndani: tik... tik... tik. Msee, hiyo si virusi. Ni hadi diski inakufa.

Hadi diski ya kitambo ina sahani zinazozunguka, kwa lapi nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma data juu yake. Kichwa kikianza kupotea njia ndio hiyo kelele. SSD haina kitu kinazunguka, data inakaa kwa chipu. Ile ya SATA husoma karibu MB 500 kwa sekunde, na huyo mzee wako akijikaza sana anagusa 100 hivi.

Yangu ilipoanza kulia nilizima nikawasha, nikazima nikawasha, nikidhani itashika. Siku ya tatu ikagoma kabisa, ikaenda na picha za mwisho za shosho. Hiyo bado inaniuma, manze. Kwa hivyo usiizungushe bure. Chomeka diski ya nje, toa vitu haziwezi patikana tena: picha, CV, projekti ya shule. Muvi utashusha zingine. Kama haisomi kabisa na data ni ya maana, iache imezimwa, tafuta wasee wa kuokoa data. Usijaribu kuifungua.

Sasa, kabla hujatoa doo, fungua kifuniko ucheki. Lapi nyingi za ex-UK zinachukua SSD ya inchi 2.5, saizi sawa na hadi diski. Zingine zina nafasi ya M.2, na hapo chunga: kuna M.2 ya SATA na ya NVMe, na si kila mashine inakubali zote. Muulize muuzaji ukiwa na modeli ya lapi mkononi. GB 256 zinatosha wengi wetu.

Kazi yenyewe ni rahisi. Zima, chomoa chaja na betri, toa skrubu, vuta ya zamani, sukuma mpya. Kukopi diski nzima ikiwa imeanza kuoza ni kuhamisha shida; afadhali uweke Windows upya kwa flashi ya GB 8. Kama ilikuwa na leseni halali, kawaida itajitambua ukiingia kwa intaneti.

Na ile diski mzee usiwachie fundi. Selfi zako bado ziko ndani.