Jodari Afikapo Hurlingham

Alfajiri, mabasi ya usiku yatokayo Mombasa yaingiapo Nairobi, hushushwa mizigo ya kila namna: madafu, magunia ya nazi, maembe ya boribo, na mara kwa mara sanduku lililofungwa kwa kamba, ambalo linadondosha maji chini. Ndani ya sanduku hilo mna samaki. Ndugu aliyeko pwani amewakumbuka jamaa zake wa bara, na amefanya gharama.

Na tumchukue kwa mfano mama wa Hurlingham, akaaye katika majumba yale ya ghorofa kando ya barabara ya Argwings Kodhek. (Barabara hiyo zamani ilichukua jina la Hurlingham, kisha ikapewa jina la waziri aliyefia humo mwezi wa Januari 1969, lakini mtaa wenyewe umebaki na jina lake la kale.) Shemeji yake wa Kilindini amempelekea jodari mzima, uzito wake kilo 6. Mama huyu ni mpishi hodari wa samaki wa ziwani. Ngege na mbuta huwakaanga katika mafuta mengi mpaka wakakauka, kisha huwaandaa kwa ugali na sukuma wiki, wala hakuna mgeni aliyepata kulalamika. Lakini akimfanyia jodari vivyo hivyo, atapata kitu kigumu mfano wa ubao, na mumewe atauliza kama samaki huyu alitoka baharini au kwa seremala.

Jodari si samaki kama wengine. Yeye ni mwendaji wa bahari kuu, asiyepumzika usiku wala mchana, na damu yake ina joto kupita maji anamoogelea. Nyama yake ni nzito, haina miba midogo midogo, na hukatika mapande kama nyama ya ng'ombe. Wako wa namna nyingi. Anayejulikana zaidi katika pwani ya Kenya ni yule mwenye mapezi ya manjano, ambaye nyama yake ni nyekundu. Yuko pia albakora, mwenye mapezi marefu sana ya ubavuni. Huyu hupenda maji ya baridi zaidi, upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, na wengi huvuliwa na meli za kigeni, hasa za Taiwan. Nyama yake ikipikwa huwa nyeupe. Ni weupe huo uliompatia soko: katika mwaka 1903, huko San Pedro katika California, dagaa wa kutia makoponi walipoadimika, mwenye kiwanda mmoja alijaribu kumtia albakora badala yao, na watu wa Marekani wakaona kuwa anafanana na nyama ya kuku. Tangu siku hizo kopo la jodari limeenea dunia nzima, hata katika maduka ya Hurlingham. Namna ya kuwapika wote hawa ni moja, nayo itaelezwa. Lakini kuna jambo la kutangulia.

Kabla mama hajauliza habari za chumvi, imempasa apige simu Mombasa.

"Shemeji, tumepokea, ahsante sana. Huyu samaki alivuliwa lini?"

"Jana asubuhi, shemeji. Nilimnunua yeye wa kwanza."

"Na barafu alitiwa saa ngapi?"

Jibu la swali hili la pili ndilo litakaloamua kama jodari ataingia jikoni au hataingia. Katika nyama ya jodari imo chembe moja ya asili, ambayo vijidudu vya uozo huigeuza ikawa sumu iitwayo histamini. Vijidudu hivyo hufanya kazi upesi penye joto, na hulala penye baridi iliyo chini ya digrii 4 za sentigredi. Samaki aliyekaa juani chomboni, kisha sokoni, kisha katika buti ya basi mwendo wa kilomita 480 na zaidi, aweza kuwa na sumu tele, hali macho yake bado yang'aa na harufu yake haijageuka. Tena sumu hiyo ina ukaidi wa ajabu. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, ndimu haiiondoi, na kumgandisha samaki kwa baridi baada ya kuharibika ni kuihifadhi tu. Wako wapishi wasemao kuwa pilipili nyingi na siki humaliza kila ubaya wa samaki. Hayo si kweli, na yamewalaza watu kitandani.

Aliyemla samaki wa namna hiyo huona dalili upesi, pengine kabla hajanawa mikono: uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, ngozi humwasha, na tumbo huharibika. Huko nyuma jamaa wengi wamedhani ni mzio, au wamemshuku jirani kuwa ametia kitu chakulani. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya saa chache; lakini mtu akiona pumzi zinamkataa, apelekwe hospitali bila kungoja, na mwenye kumpeleka aseme wazi ni samaki gani aliyeliwa. Dalili moja huweza kujionyesha mapema: tonge la kwanza likiuchoma ulimi kama pilipili, ilhali hapakutiwa pilipili, na litemwe.

Basi shemeji akijibu kwamba barafu ilitiwa pale pale ufukweni, na mama akifungua sanduku akaikuta barafu bado imo, na samaki ni baridi mpaka ndani ya tumbo, ni heri. Lakini akisita kidogo na kusema, "Barafu nilitia jioni, shemeji, nilipotoka kazini," hapo ndipo mtihani ulipo. Kilo 6 si mchezo. Shemeji ametoa fedha yake, watoto wamekwisha kusikia kwamba leo kuna samaki mkubwa, na katika desturi zetu kuitupa zawadi ya mkwe ni kumtupa mkwe mwenyewe. Hata hivyo samaki huyo na azikwe, wala asipewe paka wala mlinzi wa mlangoni. Shemeji aambiwe kweli kwa maneno ya upole, ili safari nyingine atie barafu tangu asubuhi, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na samaki awe amekwisha kupasuliwa na kutolewa matumbo na mashavu. Mtu mwema hatachukia. Atachukia zaidi akisikia kwamba wajomba na wapwa walilazwa kwa ajili ya zawadi yake.

Asiye na shemeji pwani hununua sokoni mjini, na maswali ni yale yale. Muuzaji atasema, "Mama, huyu ni wa leo." Na aulizwe: wa leo wa Mombasa, au wa leo wa hapa? Anayelaza samaki wake juu ya barafu mpaka ndani ya tumbo hana sababu ya kukasirika kwa kuulizwa.

Samaki akiwa mwema, kazi ya kumkata si ngumu kwa mwenye kisu kikali. Magamba yake ni machache. Kichwa hukatwa kwanza, nacho kisitupwe. Kisha kisu hupitishwa juu ya uti wa mgongo, na pia katika mstari wa katikati ya ubavu, mpaka minofu minne mirefu ikatoka, miwili kila upande. Katika kila mnofu mna utepe wa nyama nyeusi yenye damu. Wavuvi huipenda, bali watu wa bara huiona kali. Mwenye kutaka na aitoe. Nyama ya tumboni ndiyo yenye mafuta, na anayeijua huificha kwa ajili yake mwenyewe. Kitakachopikwa leo kiachwe nje, kingine kiingie katika friji upesi, kisipite siku mbili, au kigandishwe.

Sasa moto. Jodari hataki moto mrefu. Hili ndilo neno kubwa katika upishi wake, na ndilo lenye kuwashinda wengi. Mapande ya upana wa vidole viwili yapakwe chumvi, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa. Ndimu itiwe mwishoni, kwa sababu ikikaa saa nzima huigeuza nyama ikawa nyeupe na ngumu kabla haijaona jiko. Kikaango kiwe cha moto sana na mafuta kidogo. Dakika mbili au tatu upande mmoja, vivyo upande wa pili, basi. Nyama ya ndani ikiacha kung'aa kama kioo na ikaanza kuachana kwa uma, imeiva. Wajapani huila mbichi kabisa, nao wana ufundi wao na barafu yao. Samaki aliyesafiri kwa basi asiliwe hivyo.

Ladha iliyo bora zaidi, kwa maoni ya watu wengi wa pwani, ni ya kupaka. Mapande huchomwa nusu juu ya makaa. Pembeni, tui zito la nazi huchemshwa polepole pamoja na manjano, pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na maji ya ukwaju, huku likikorogwa mpaka likawa zito kama uji wa mtoto. Samaki hupakwa, hurudishwa motoni, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka tui limeshika na kuanza kuungua kidogo pembeni. Mwenye kukaa ghorofani atumie moto wa juu wa jiko la gesi, maana makaa katika roshani ya ghorofa ya nne ni chanzo cha barua kutoka kwa mwenye nyumba.

Mchuzi nao una siri ile ile ya haraka. Vitunguu, nyanya, bizari na tui jepesi huchemshwa kwanza mpaka vikakamilika, kama kwamba samaki hayumo katika habari hiyo. Kisha tui zito hutiwa, na mwisho kabisa mapande ya jodari, dakika tano au sita, na sufuria huepuliwa ikafunikwa. Ajabu ni kwamba Wabaski wa Uhispania, wavuvi mashuhuri wa albakora, wana desturi hiyo hiyo. Chakula chao kiitwacho marmitako, kilichopikwa tangu zamani vyomboni baharini, ni viazi, vitunguu, pilipili tamu na nyanya. Viazi vikiiva, jodari hutiwa na chungu huondolewa motoni, akaiva kwa joto lililobaki. Mama wa Hurlingham ana viazi vizuri kuliko vyao. Akumbuke tu kwamba Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kabla hayajafika digrii 100. Viazi vitakawia, basi vipewe muda wao peke yao.

Mama mwenye mimba aweza kula chakula hiki, ila kwa kiasi, kwa kuwa samaki wakubwa wa bahari kuu hukusanya zebaki mwilini. Wakuu wa afya wa Marekani huwashauri wajawazito wasizidishe mlo mmoja wa albakora kwa juma, gramu 113 hivi.

Kichwa na mifupa huchemshwa kwa ndimu, pilipili mbichi na chumvi, ikawa supu ya asubuhi ya Jumapili. Na mapande yaliyosalia, yakiwa yamekaa katika friji, hupondwa pamoja na viazi, kitunguu na giligilani, huviringwa, huchovywa katika yai na kukaangwa, yakawa katlesi. Watoto huzichukua shuleni Jumatatu zikiwa zimefungwa vizuri, na zile zilizobaki mezani hazimngojei baba arudi kazini.