Mwili wa Mama Umepona, Moyo Je?



Mama akirudi nyumbani na mtoto wake, sote tunafurahi. Tunampikia uji, tunamshukuru Mungu. Lakini uzazi mwingine ni wa kutisha. Mama mmoja alitokwa na damu nyingi. Mwingine alishikwa na kifafa cha mimba, au alipasuliwa kwa haraka. Mwingine alifiwa na mtoto. Mwingine alitukanwa badala ya kusaidiwa. Kidonda cha mwili kinafunga, kumbe moyoni kimebaki kingine. Ugonjwa huo ni kiwewe cha uzazi. Leo tunaeleza namna ya kuutambua.

Kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Hupita kabla ya wiki 2. Kiwewe hakipiti upesi. Tazama dalili hizi zikizidi mwezi 1:

1. Mama anaota ndoto za kutisha, au mchana kweupe anajiona yuko tena palepale alipojifungulia.

2. Anakwepa kila kinachomkumbusha. Hataki kupita njia ya zahanati, hataki habari za uzazi.

3. Hapati usingizi hata mtoto akilala. Anashtuka ovyo, ana hasira.

4. Anajilaumu, hana furaha, pengine hata mtoto anamwona kama wa jirani.

Baba aliyeshuhudia naye anaweza kupata kiwewe.

Watu husema, "Shukuru, mtoto unaye!" Au, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" Wengine husema karogwa. Hapana! Huu ni ugonjwa, si uvivu wala uchawi. Maneno hayo humfunga mama mdomo. Akishika mimba tena ataogopa kliniki, atajifungulia nyumbani. Damu ikimtoka, nani atamwokoa?

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumsikilize. Tusimlazimishe kusimulia, tusimkatize.

Pili, baba achote maji, abebe mtoto, mama apate kulala.

Tatu, siku ya chanjo ya wiki 6, mweleze muuguzi habari za mama pia. Yeye atasema apelekwe wapi. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, pole pole, siku hata siku. Wengine huongezewa dawa. Wengi hupona.

Nne, akipata mimba nyingine, aeleze kliniki mapema yaliyompata, wajiandae pamoja naye.

Angalieni sana! Mama akisikia sauti wasizosikia wengine, au akitaka kujiua au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ndugu, jioni ya leo muulize mkeo, binti yako au mkweo, "Siku ile ilikuwaje kwako?" Kisha nyamaza, usikilize. Asipotaka kusema leo, mwache. Ajue tu kwamba yupo wa kumsikiliza.