Hewa kavu ni adui wa mgonjwa anayepumua kwa mrija shingoni

MGONJWA anaporuhusiwa kutoka hospitalini akiwa na mrija shingoni, jamaa zake aghalabu huwaza kuhusu kidonda, chakula na jinsi atakavyozungumza. Ni wachache wanaofikiria hewa anayoivuta. Ilhali hewa kavu ndiyo inayoweza kumrudisha hospitalini usiku wa manane, au hata kumkatisha uhai kwa dakika chache.

Mrija huo huwekwa kwa upasuaji uitwao trakeostomia. Daktari hutoboa sehemu ya mbele ya shingo, chini ya kongomeo, na kuupitisha mrija hadi kwenye koo la hewa. Upasuaji huu huwafaa watu walio na saratani ya koo, waliojeruhiwa ajalini, watoto waliozaliwa na njia nyembamba ya hewa, pamoja na wagonjwa mahututi waliotegemea mashine ya kupumulia kwa muda mrefu.

Kazi ya pua

Pua si tundu la kupitishia hewa tu. Huichuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Hewa ya chumba chenye joto la nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50 huwa na takriban miligramu 10 za maji katika kila lita. Ndani ya mapafu, ambamo joto ni nyuzi 37, kila lita huhitaji takriban miligramu 44.

Kwa mtu mzima wa afya, sehemu kubwa ya pengo hilo huzibwa na pua. Kwa anayepumua kupitia mrija, hewa huikwepa pua kabisa, na maji yanayohitajika hunyonywa kutoka kwa kuta za koo la hewa na mapafu.

Matokeo yake ni kwamba ute unaofunika kuta hizo hukauka na kuwa mzito. Vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo kuelekea juu hulegea na kushindwa na kazi. Makohozi hujikusanya, huganda ndani ya mrija na hatimaye huuziba.

Hatari hii haiwahusu wakazi wa maeneo makavu kama vile Lodwar na Garissa pekee. Wengi hudhani kwamba baridi ya Julai jijini Nairobi au mjini Nyeri haina madhara kwa kuwa kuna mawingu na manyunyu. Hata hivyo, hewa ya nyuzi 12, hata iwapo imejaa ukungu, hubeba takriban miligramu 11 tu za maji kwa kila lita. Ikishapata joto mwilini, huwa kavu.

Njia za kuhifadhi unyevu

Njia ya kwanza ni kifaa kidogo kiitwacho pua bandia, ambacho huchomekwa kwenye mdomo wa mrija. Mgonjwa anapotoa pumzi, kifaa hicho hunasa joto na unyevu, kisha huvirejesha anapovuta hewa. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 24, au mapema zaidi kikilowa au kikichafuka. Makohozi yakiwa mengi, kifaa hicho huweza kuzibwa, hivyo ni lazima kikaguliwe mara kwa mara.

Njia ya pili ni mashine ya nebulaiza, ambayo hugeuza maji ya chumvi yaliyotakaswa kuwa ukungu laini wa kuvuta. Pua bandia huondolewa kwanza kabla ya mashine hiyo kutumiwa. Maji ya mfereji au ya kisima hayafai kutiwa katika nebulaiza wala katika mrija, kwani huweza kupeleka viini vya maradhi moja kwa moja mapafuni.

Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka, kama wengi wafanyavyo wapatapo mafua, ni hatari. Mvuke huo huweza kumuunguza mgonjwa, naye hana pua ya kuupoza.

Mgonjwa anapaswa pia kunywa maji ya kutosha, ila kama daktari amempimia kiasi kwa sababu ya maradhi ya moyo au figo. Aidha, akae mbali na moshi wa kuni na makaa, vumbi la kufagia na dawa za mbu za kuchoma. Anapotoka nje, kitambaa chepesi kisichotoa nyuzi hukinga mrija dhidi ya vumbi.

Usafi na dalili za hatari

Mirija mingi huwa na mrija mwingine mwembamba ndani yake unaoweza kutolewa. Huo husafishwa angalau mara mbili au tatu kwa siku, na zaidi makohozi yakiwa mazito, kwa kufuata maagizo ya hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ukoko mdogo ulioachwa asubuhi huweza kuwa kizibo kufikia jioni.

Makohozi yanayonata, yenye vipande vikavu au michirizi ya damu ni ishara kwamba unyevu umepungua. Sauti kama ya filimbi mrijani, kupumua kwa shida, mbavu za mtoto kubonyea anapovuta hewa, au midomo na ulimi kugeuka rangi ya samawati huashiria kwamba mrija unaziba.

Hapo mrija wa ndani hutolewa mara moja, na makohozi kufyonzwa kwa mashine kama jamaa walivyofunzwa. Asipopata nafuu papo hapo, ni dharura ya kukimbizwa hospitalini.

Kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, familia inayotumia mashine ya umeme inahitaji pia ile inayoendeshwa kwa mkono au mguu. Isitoshe, mrija wa akiba wa kipimo kile kile, na mwingine mdogo zaidi, haipasi kukosekana karibu na mgonjwa.

Kabla ya kuondoka wadini, jamaa wanayo haki ya kuomba wafunzwe haya yote kwa vitendo, na wayarudie mbele ya muuguzi hadi wayamudu. Pua ya mgonjwa imepumzishwa, na kuanzia siku hiyo kazi yake ni yao.