Kompyuta ya Kucheza: Kuijenga Mwenyewe ao Kuinunua Tayari?



Tangu mwanzo wa muhula huu maswali yanayotufikia sisi wakuu wa wanafunzi si juu ya zamu ya kufagia na kelele za bweni tu. Wengi wanauliza jambo moja: "Nikipata feza ya kompyuta ya kucheza, niijenge mwenyewe ao ninunue ile iliyokwisha kujengwa?" Wanabishana kando ya uwanja wa mpira paka kengele inalia. Wenye kusema "jenga" wanawacheka wenye kusema "nunua", na hao wanajibu kwamba wenzao watachoma feza ya wazazi. Kwa hiyo tumeona vema kuandika maelezo haya, ili kila mtu afikiri na kichwa chake.

Neno hili linahusu michezo, lakini lenyewe si mchezo. Kuko kati yetu wale ambao kaka ao baba mdogo aliwaahidi: "Ukipata Diplome ya Serikali, nitakupa kompyuta." Ahadi ya namna hii inakuja mara moja. Na kompyuta ile ya kucheza mpira njo itakayoandika kazi za chuo kikuu, njo itakayochora mipango ya wale wa ufundi. Ikikufa kiisha miezi sita, nani atakupa ingine?

1. NDANI YA SANDUKU MNA NINI

Kompyuta ya kucheza (ordinatere, kama tunavyosema kila siku) iko na sehemu chache kuliko vile watu wanavyozania. Kuna prosesa, ni kusema ubongo unaohesabu. Kuna kadi ya picha, inayochora kila kitu unachoona katika mchezo; hii ndiyo inayokula feza nyingi. Kuna kumbukumbu, yaani RAM. Kuna diski ya kutunza vitu, siku hizi SSD. Kuna kadi-mama, ubao ambao vyote vinachomekwa juu yake. Kuna alimantasio, kile kisanduku cha chuma kinachopokea kuran ya ukuta na kuigawanya ndani. Mwisho ni sanduku lenyewe na feni zake. Ni vitu saba. Ekra, klavye na panya vinakaa inje.

Tusisahau jambo moja. Vipande vingine vidogo vinavyotunza kuran juu ya kadi vinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya kule Masisi. Bati ya kuunganisha vipande inatoka katika kasiteriti, na Walikale iko nayo. Mtoto wa inchi hii asiogope kufungua sanduku ambalo udongo wa kwao umo ndani.

2. KWA NINI INAWEZEKANA KUIJENGA

Motokari huwezi kuijenga nyumbani kwa vipande vya dukani. Kompyuta unaweza. Sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1981 kampuni IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo, IBM PC, haraka haraka, na badala ya kutengeneza kila kitu yenyewe ilinunua vipande kwa wengine. Prosesa ilikuwa 8088 ya Intel. Kwa hiyo wengine pia waliweza kununua vipande vile na kuiga. Mwaka 1982 Compaq ilitangaza mashini iliyotumia programu zilezile. Kisha mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vinavyoitwa ATX, vinavyosema matundu ya parafujo yakae wapi na alimantasio iwe na umbo gani. Tangu siku hiyo kadi-mama ya kampuni moja inaingia katika sanduku la kampuni ingine.

Shikeni neno hili la vipimo, sababu tutalirudilia.

3. WANAOSEMA "NUNUA TAYARI" WAKO NA HAKI GANI

Kwanza, kazi yote imekwisha kufanyika. Unachomeka, unawasha, unacheza. Leseni ya Windows mara nyingi iko ndani ya bei. Tena kuna garanti moja ya mashini nzima: ikikataa, hauna haja ya kutafuta ni kipande gani kina ugonjwa.

Pili, si kweli kwamba kujenga ni bei rahisi kila mara. Kati ya 2020 na 2022 kadi za picha zilikosekana duniani, sababu ya ugonjwa wa Covid na sababu ya watu waliozinunua kwa wingi ili kutafuta feza ya mtandao. Wakati ule wengine walinunua mashini nzima ili tu wapate kadi iliyo ndani. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana, maana viwanda vinapeleka nyingi katika majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Mwezi wa 12 mwaka 2025 kampuni Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuzia watu wa kawaida kumbukumbu za jina la Crucial. Katika nyakati kama hizi, kampuni kubwa iliyonunua akiba yake mbele inaweza kuuza mashini nzima kwa bei ambayo wewe na vipande vyako hauwezi kuifikia. Basi, hapana kuamini mtu anayekuambia "kujenga ni nusu ya bei". Hesabu mwenyewe kwa kalamu, siku ile ile unayotaka kununua.

4. WANAOSEMA "JENGA" WAKO NA HAKI GANI

Anayejenga anajua feza yake imekwenda wapi. Tangazo la mashini tayari linaandika kwa herufi kubwa prosesa na kadi ya picha, lakini alimantasio na kadi-mama halizitaji. Na pale njo muuzaji anapopunguza. Anatia kumbukumbu kipande kimoja badala ya viwili, na kumbe vipande viwili sawasawa vinafanya kazi upesi zaidi, sababu prosesa inasoma kwa njia mbili pamoja. Anatia alimantasio isiyo na jina. Hauoni kitu hiki siku ya kwanza.

Tena kuna kukua. Tundu la prosesa la AMD linaloitwa AM4 lilianza mwaka 2016, na mwaka 2024 AMD ilikuwa bado inatoa prosesa mpya za tundu lile. Mtu aliyejenga mapema aliweza kubadilisha ubongo tu, na kuacha mengine yote. Kwa Intel tundu LGA1700 lilikuja mwaka 2021, na mwaka 2024 likafuatwa na LGA1851. Ni vema kujua haya mbele ya kutoa feza.

Lakini faida iliyo kubwa kwetu ni ya kutengeneza. Garanti ni kitu kizuri kwa mtu anayeishi karibu na anayeitoa. Kama mashini ilitoka Dubai ao Ulaya katika mzigo wa ndege, na ikakufa kwako, utairudisha namna gani? Mzigo wa ndege unalipwa kwa kilo, na mashini nzima ni kilo nyingi. Mashini ya vipimo vya kawaida inataka kipande kimoja tu kisafiri: kumbukumbu inaingia katika mfuko wa shati. Lakini kuna makampuni yanayotia katika mashini zao tayari kadi-mama na alimantasio za umbo lao wenyewe, nje ya vipimo tulivyotaja. Alimantasio ya namna ile ikiungua, ile ya kawaida haiingii. Mashini yote inabaki kuwa meza ya kuwekea vitabu.

5. NENO LA KURAN

Hapa wanaoandika Ulaya na Marekani hawatusaidii sana, sababu kuran yao haipandi na kushuka kama yetu. Kwa maoni yetu, mtu wa huku aanze kuchagua na alimantasio. Iwe ya jina linalojulikana, yenye kinga ya kuran kupita kiasi. Kwa mashini ya kati, wati 550 ao 650 zinatosha. Alimantasio mbaya ikikufa inaweza kuondoka na kadi-mama na kadi ya picha pamoja. Mbele yake wekeni stabilizatere.

Angalieni pia nyuma ya mashini iliyotoka Marekani. Alimantasio zingine, zaidi za zamani, ziko na kibonyezo kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kule iliwekwa 115. Ukiichomeka katika 220 yetu bila kugeuza, inalia mara moja na moshi unatoka.

Kwa wale wa nyumba za kuran ya jua, tufanye hesabu ndogo. Kadi ya picha RTX 4060 ya mwaka 2023 imeandikiwa wati 115. Prosesa Ryzen 5 5600 imeandikiwa wati 65. Ukiongeza ekra, feni na vingine, tuseme wati 250 wakati wa kucheza. Batri ya 12 V na 100 Ah inatunza wati-saa 1200, lakini batri ya risasi haifai kumalizwa kupita nusu, zinabaki 600. Gawanya kwa 250: saa mbili na kidogo, na ule mgeuzaji wa kuran unakula yake pia. Kiisha hapo, mama hana taa ya jikoni. Mnaona kwamba kadi kubwa ya wati 300 haitoki katika mfuko wako peke yako. Inatoka katika taa ya wote.

6. KAZI YENYEWE YA KUJENGA

Haina kuchomelea. Inataka bisibisi moja, meza safi, na saa nne ao tano kwa mara ya kwanza. Gusa chuma mara kwa mara ili kuondoa umeme wa mwili. Prosesa ina alama ya pembe tatu katika kona moja. Ilinganishe na alama ya tundu, uiache ishuke kwa uzito wake, hapana kuisukuma. Dawa ya kupeleka joto iwe kama punje moja ya njegere. Vipande viwili vya kumbukumbu vinaingia katika matundu yale yaliyoonyeshwa na kitabu cha kadi-mama, mara nyingi la pili na la nne toka kwa prosesa. Kamba ya ekra ichomekwe katika kadi ya picha, si katika kadi-mama; wengi wanalalamika mchezo unakwenda polepole, kumbe kadi yao ya feza nyingi imelala tu.

7. KUKO NJIA YA KATIKATI

Kwa mwenye feza kidogo, kuna kununua mashini ya ofisi iliyokwisha kutumika, kisha kuiongezea kadi ya picha. Tundu la kadi-mama linatoa paka wati 75 bila kamba ingine, na kuko kadi zilizofanywa kwa kipimo hicho, kama GTX 1650 za namna fulani, ao RTX 3050 ya giga 6 iliyotoka mwaka 2024. Lakini pima sanduku kwa rula: sanduku jembamba linataka kadi fupi. Tena angalia umri wa prosesa. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na Windows 11 haikubali prosesa za Intel za mbele ya kizazi cha 8. Mashini kama hizo zinauzwa bei ndogo njo sababu hiyo. Zinaweza kuendelea na Linux, na tangu mwaka 2018 programu Proton ya kampuni Valve inawezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa humo. Lakini michezo mingine ya kushindana kwa mtandao inakataa.

8. SHAURI LETU

Hatusemi kila mtu ajenge. Tunasema kila mtu achague mashini inayoweza kufunguliwa na kuponywa pale anapoishi. Ikiwa mashini tayari ni ya vipimo vya kawaida, na bei yake ni nzuri, inunueni bila haya. Ikiwa imefungwa na vipande vya umbo la pekee, iacheni hata kama taa zake zinang'aa kama sikukuu.

Mbele ya kutoa hata dola moja, mwulize muuzaji maneno manne, na uandike majibu:

a) Alimantasio ni ya jina gani, ya wati ngapi, na je, ina umbo la ATX la kawaida?
b) Kadi-mama ni ya jina gani, na tundu lake la prosesa ni lipi?
c) Kumbukumbu ni vipande vingapi, na matundu mangapi yanabaki wazi?
d) Ikikataa, ninaileta wapi, na nani analipa kilo?

Muuzaji akikasirika juu ya maswali haya, amekwisha kujibu.

Na ninyi mnaobaki hapa mwaka ujao, kama kompyuta ya shule imekufa, ombeni ruhusa kwa mwalimu muifungue pamoja naye, kuran ikiwa imekatwa. Taja kila sehemu kwa jina lake, saba zote, toka prosesa paka feni. Hayo hayana bei, na yatakusaidia siku baba mdogo atakapotimiza ahadi yake.

Kwa jina la wakuu wa wanafunzi,
Mkuu wa wanafunzi, darasa la mwisho