Laptopu ya kikundi ikianza kugonga, tuokoe hesabu kwanza

Vikundi vingine vya akiba sasa vinaandika hesabu kwenye laptopu: hisa za kila mwanachama, mikopo, faini. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na mama watatu. Lakini hesabu zenyewe mara nyingi zinalala kwenye diski moja tu. Siku diski hiyo ikifa, nani atakumbuka kila mama alinunua hisa ngapi? Hapo ndipo ugomvi unaingia.

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kidogo kinapita juu yake bila kuzigusa. Laptopu ikianguka inapofanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani. Na kama betri imekufa, umeme ukikatika ghafla, kazi ya kuandika inakatika katikati.

Dalili. Mashine inatoa sauti ya kugonga au kukwaruza. Faili zinapotea au zinakataa kufunguka. Mashine inaganda, au inawaka bila kufika kwenye Windows. Kuchelewa peke yake si ushahidi, maana virusi na joto pia vinaichelewesha.

Kwanza, okoa. Nakili hesabu kwenye flashi, halafu vyeti vya watoto, halafu picha. Ikiwa inagonga, izime mara moja na usijaribu kuiwasha tena na tena. Kila mzunguko unaweza kuharibu zaidi. Mwambie fundi asiformati na asianze kutengeneza diski kabla ya kutoa faili. Kuformati ni kupangusa ubao wenye hesabu zetu.

Pili, pima. Programu ya bure, CrystalDiskInfo, inasoma hali ya diski na kuionyesha kwa rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Omba fundi akuonyeshe mwenyewe.

Tatu, badilisha. Chagua diski ya SSD ukiweza. Haina kitu kinachozunguka, hivyo inavumilia mtikisiko, nayo ina kasi zaidi. Nenda dukani na laptopu yenyewe, kwa sababu diski hazifanani: nyingine ni za inchi 2.5, nyingine ni nyembamba za aina ya M.2. Fundi anazima mashine, anatoa chaja na betri, anafungua skrubu, anachomoa ya zamani na kuchomeka mpya. Kisha anaweka Windows upya na kurudisha faili.

Kabla ya kulipa, pima diski mpya kwa programu ileile. Inaonyesha pia saa ambazo diski imeshafanya kazi. Ukiona maelfu ya saa, hiyo si mpya, hata kama pakiti inang'aa. Na usiache diski ya zamani kwa fundi: inaweza bado kuwa na majina, picha na siri za wanachama.

SSD nayo siku moja itakufa, tena bila kugonga. Kwa hiyo kila mkutano, pesa zikishahesabiwa, mwandishi anakili hesabu kwenye flashi mbili, zikae kwa mama wawili wa nyumba tofauti. Na daftari la karatasi tusilitupe.