"IMPAIRED" SI "IMPAIR"



Katika enterogasio ya Kiingereza iliyopita, sisi wa finaliste tuliangushwa na neno moja. Mwalimu aliomba tutafsiri "impaired hearing". Wengi wetu tulikumbuka hesabu: 3, 5, 7 ni "nombres impairs". Basi tukaandika: "mutu mwenye sikio moja". Darasa lote likacheka. Mwenzetu mumoja tu hakucheka, ju hakusikia.

Maneno haya mawili yanafanana sura tu. "Impair" ya Kifaransa inatoka katika Kilatini "impar", maana yake isiyo sawa. "Impaired" ya Kiingereza inatoka katika Kifaransa cha zamani, "empeirier", ni kusema kufanya kitu kuwa kibaya zaidi. Ndugu yake wa leo ni "empirer".

Basi "impaired" ni nini? Ni kitu kilichopungukiwa nguvu ya kufanya kazi yake, lakini hakijakufa. Fikiri toshi yenye pile za kuchoka: inaangaza, lakini kidogo. Waingereza wanatumia neno hili zaidi ju ya macho, masikio, akili na viungo vya mwili. Mufano wa kwetu Kivu: miaka ya 1960 madaktari walichunguza ugonjwa wa goitre katika kisiwa cha Idjwi. Waliona kwamba kwa kukosa iode, tezi ya shingo ya watu wengine haikufanya kazi vizuri. Hiyo ni "impaired function". Huko Canada, "impaired driving" ni kosa la kuendesha motokari ukiwa umelewa.

Namna ya kulitumia: "impaired sight", ama "his sight is impaired". Taja kila mara kitu gani kimepunguka. Ukisema tu "he is impaired", umemushusha mutu muzima. Na viziwi wengi hawapendi kuitwa "hearing-impaired", wanapenda "deaf". Mwenye kusikia kwa shida ni "hard of hearing".

Turudi kwa yule mwenzetu. Sisi wenye kulinda nidhamu tulimwandika mara nyingi kuwa mukaidi, ju tukimwita kwa nyuma hageuki. Kumbe akili yake ni nzima, masikio ndiyo yamepungukiwa. Tunamwomba samahani mbele ya wote. Sasa anakaa benchi la kwanza. Tafazali, ukisema naye, simama mbele ya uso wake, sema pole pole.