Kompyuta Uliyojiundia Haikai Ikiwaka? Hesabu Sekunde Kabla ya Kununua Kipuri Kingine

Kujiundia kompyuta nyumbani ni njia moja ya kupata mashine nzuri bila kulipa pesa zote kwa mpigo. Mkazi hununua vipuri kidogo kidogo, vingine vipya na vingine vya mitumba: leo keisi, mwezi ujao pawasaplai, kisha ubao mkuu, prosesa na RAM. Siku vinapotimia, anachukua bisibisi na kuviunganisha. Anabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, halafu mashine inazima. Anajaribu tena, mambo ni yale yale.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hukisia kwamba pawasaplai ni mbovu, ananunua nyingine, na tatizo linabaki. Anabadilisha ubao mkuu, na bado tatizo liko. Mwishowe fundi anakuta skrubu ndogo iliyoanguka nyuma ya ubao. Kwa mwanafunzi au kijana anayetegemea kazi za mtandaoni, akiba ya miezi kadhaa imekwenda bure.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kununua chochote. La kwanza kuangalia ni muda. Chukua saa au simu, uhesabu mashine inakaa ikiwaka kwa sekunde ngapi. Muda huo si ushahidi kamili, lakini utakuonyesha pa kuanzia.

Usalama kwanza

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240, na unaweza kuua. Kabla ya kugusa kitu ndani ya keisi, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, kisha ushikilie swichi ya kompyuta kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa sehemu ya chuma ya keisi isiyopakwa rangi ili umeme tuli ulio mwilini mwako usiharibu vipuri.

Usifungue pawasaplai kamwe. Kapasita zilizo ndani yake huweza kubaki na chaji kali hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikiwa pawasaplai yako ni ya zamani, tazama nyuma yake. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Namba 115 ni ya nchi kama Marekani. Hapa kwetu lazima isome 230 kabla ya kuchomekwa ukutani, la sivyo inaweza kulipuka mara tu stima inapoingia.

Ikizima papo hapo

Mashine inayowaka kwa sekunde moja au chini ya hapo na kuzima mara nyingi ina shoti. Pawasaplai nzuri huzima yenyewe inapohisi shoti, kwa hivyo huenda inafanya kazi yake sawasawa.

Kagua mambo matatu. Kwanza, ubao mkuu haufai kugusana na bati la keisi. Unapaswa kukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na kila kinguzo kiwe chini ya tundu la skrubu. Kinguzo kilichozidi mahali pasipo tundu huleta shoti. Pili, tafuta skrubu iliyopotea nyuma ya ubao. Tatu, angalia kama kuna kebo iliyobanwa au kuchunika.

Kagua pia kebo mbili kubwa za umeme. Ile ya pini 24 huingia ubavuni mwa ubao mkuu. Nyingine, ya pini 4 au 8, huingia karibu na prosesa, na wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza huisahau mara kwa mara. Zote mbili zisukume hadi usikie zikinata.

Ikizima baada ya sekunde nne au tano, kila mara

Ukishikilia swichi ya kompyuta kwa takriban sekunde nne, mashine huzima kwa lazima. Ndivyo zilivyoundwa. Kwa hivyo, ikiwa yako huzima katika muda huo huo kila unapoiwasha, shuku swichi iliyokwama ndani ya keisi.

Kuijaribu ni rahisi. Chomoa waya mwembamba wa swichi kwenye ubao mkuu. Mara nyingi huandikwa PWR_SW. Kisha washa mashine kwa kugusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja tu. Ikikaa ikiwaka, kilichoharibika ni swichi ya keisi, wala si kipuri cha bei ghali.

Ikizima baada ya nusu dakika hadi dakika chache

Sasa fikiria joto. Prosesa nyingi za kisasa hujilinda zinapokaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi: hupunguza kasi, na joto likizidi mashine huzima.

Angalia kama feni ya prosesa imechomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN na kama inazunguka. Kisha ondoa kipoza joto kilicho juu ya prosesa na utazame chini yake. Vipoza vipya vingi huja na karatasi ya plastiki ambayo lazima ibanduliwe. Hakikisha pia kuna krimu ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya njegere. Usirudishie kipoza juu ya krimu ya zamani. Ipanguse, upake mpya, kisha ukaze skrubu kwa kupishana pembe ili kilalie sawa.

Ili kuhakikisha, washa mashine na ubonyeze kitufe cha Delete au F2 mara kadhaa hadi ukurasa wa BIOS utokee. Hapo utaona joto la prosesa. Likipanda bila kusimama hadi kupita 90 ilhali mashine haifanyi kazi yoyote, kipoza hakijakaa vizuri.

Ikizima na kujiwasha yenyewe

Si kila mara hii huwa kasoro. Ubao unaotumia RAM ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kuipima RAM siku ya kwanza, skrini ikiwa nyeusi, na baadhi hujizima na kujiwasha katika shughuli hiyo. Subiri angalau dakika 10 kabla ya kukata tamaa.

Hali ikiendelea, acha kipande kimoja tu cha RAM, ukisukume hadi vishikizo vinate, kisha ujaribu nafasi nyingine na kipande kingine. Angalia pia katika tovuti ya mtengenezaji wa ubao kama prosesa yako imo katika orodha ya zinazokubalika. Prosesa mpya inaweza kukataliwa na ubao wenye BIOS ya zamani hadi BIOS hiyo isasishwe.

Ikizima ikipewa kazi nzito

Mashine inayokaa vizuri hadi unapofungua mchezo au kuhariri video huenda inapata joto jingi au inakosa nguvu. Soma kibandiko cha pawasaplai. Usitosheke na namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu. Tafuta safu ya volti 12, kwani ndiyo hulisha prosesa na kadi ya picha. Zidisha ampea kwa 12. Kwa mfano, ampea 20 ni wati 240 tu, hata kama kibandiko kinatangaza 500. Linganisha na kiwango ambacho mtengenezaji wa kadi ya picha anapendekeza.

Usisahau stima yenyewe. Ikiwa taa za nyumba hufifia mashine inapozima, au ikiwa huzima jioni tu, huenda nguvu ya umeme hushuka. Ondoa ekstensheni, uchomeke moja kwa moja ukutani, au uijaribu mashine katika nyumba nyingine.

Bado hujapata jibu? Punguza vipuri

Toa ubao mkuu kwenye keisi na uulaze juu ya boksi kavu la katoni. Baki na prosesa, kipoza chake, kipande kimoja cha RAM na pawasaplai. Kadi ya picha iwepo tu ikiwa prosesa haina uwezo wa kutoa picha. Ikikaa ikiwaka hivyo, rudisha kipuri kimoja kimoja, ukiijaribu kila mara na kuchomoa plagi kabla ya kila badiliko. Kitakachorudisha tatizo ndicho cha kushuku. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa na kasoro.

Isipokaa, omba kuazima pawasaplai inayofanya kazi kabla ya kununua nyingine. Usitumie kebo za pawasaplai moja kwenye nyingine hata zikiingia, kwa sababu mpangilio wa nyaya huweza kutofautiana na kuchoma vipuri.

Haki yako na wajibu wako

Tunza risiti na boksi za vipuri vyote, na uulize masharti ya kurudisha bidhaa kabla ya kulipa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Andika ulichojaribu na muda mashine iliokaa ikiwaka kila mara. Maelezo hayo yatamrahisishia kazi muuzaji au fundi, na itakuwa vigumu kwake kukuuzia usichohitaji.

Kipuri kilichokufa kisitupwe jalalani wala nyaya zake zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu, na mbao za kompyuta za zamani huwa na madini ya risasi. Kihifadhi mahali pakavu, mbali na watoto, hadi umpate mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni.